Mkahawa wa Kihindi usio na nyama

SWALI: Mpendwa Mhariri, Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tuliwapeleka watoto wetu wawili kula katika mkahawa mmoja mdogo wa Kihindi hapa mjini, kwa kuwa tulisikia bei zake ni nafuu. Meza hazikuwa na vitambaa, maji yaliletwa katika bilauri za stili, na mhudumu alitueleza kwamba nyama haipikwi pale kabisa. Tuliagiza thali, tukaletewa masinia yenye vibakuli vya dengu, mboga na mtindi, pamoja na chapati mbili nyembamba zisizo na mafuta. Mume wangu alitoka akilalamika kwamba tumelipia mboga za nyumbani, na mtoto mdogo alilia kwa pilipili. Je, tulipunjwa?
Mama wa wawili, Majengo, Moshi

JIBU: Mama, pole kwa machozi ya mtoto, lakini kwa maelezo yako sioni kwamba mlipunjwa. Wahindu wengi wenye asili ya Gujarati, jimbo la magharibi mwa India, hawali nyama kwa sababu ya imani yao, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India, huenda mbali zaidi, kwani wanaoishika dini yao barabara hawali hata vitunguu, thomu na viazi, maana ukiving'oa vitu hivyo umeua mmea mzima. Jiko la watu hawa limetafuta utamu ndani ya kunde, maziwa na viungo kwa karne nyingi, kwa hiyo si haki kulipima kwa mboga tunayopika siku ambayo nyama imekosekana.

Natamani mume wako angesimama karibu na jiko wakati dengu zinaungwa. Huchemshwa na manjano mpaka zikapondeka, kisha mafuta hupashwa moto pembeni katika kikaango kidogo, hutiwa mbegu za haradali, nazo hulia na kuruka kama bisi. Hapo hufuata bizari nyembamba, pilipili kavu na chembe ya mvuje, na mafuta hayo humwagwa juu ya dengu yakiwa bado yanatokota. Harufu inayopanda wakati huo ndiyo mliyoilipia, na ni afadhali fedha ziende huko kuliko kwenye vitambaa vya meza.

Zile chapati nazo hazikukosewa. Chapati zetu za kukunja kwa mafuta zinaliwa hata na chai peke yake, lakini hizo, ambazo wenyewe huziita roti, huchomwa kwenye kikaango kikavu kwa kuwa kazi yake ni kubeba mchuzi. Mega kipande kwa mkono wa kulia, kizungushie mboga, kisha kichovye katika dengu kama unavyochovya tonge la ugali.

Nadhani kuna jambo mlilolikosa. Mikahawa mingi ya thali huongeza dengu, mboga na roti bila malipo mpaka mlaji aseme basi, ila mingine haiongezi, hivyo ulizeni kabla ya kuagiza.

Kuhusu mtoto, mwambieni mhudumu mapema kwamba chakula chake kisiwe na pilipili, ingawa mchuzi uliokwisha kupikwa asubuhi hauwezi kupunguzwa ukali. Akiwashwa, msimpe maji, kwa sababu kinachowasha katika pilipili hakiyeyuki katika maji. Mpeni kile kibakuli cha mtindi, ambao protini yake hukishika na kukiondoa ulimini.