Kabla hujawasha moksa: maneno kwa wanaoanza

Mdogo wangu unayekwenda China kusomea tiba yao ya asili, najua una hamu ya sindano. Sote tulikwenda nayo. Lakini somo lenyewe linaitwa zhenjiu: zhen ni sindano, jiu ni kuchoma. Huko kuchoma, yaani moksa, ndiko utakakokabidhiwa mapema, kwa sababu kila mtu hudhani ni kazi isiyo na hatari. Mimi hatari yake niliijua kwenye ngozi ya mtu mwingine.

Moksa ni majani ya ai, mmea wa ukoo mmoja na pakanga, yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa mpaka zikabaki nyuzi laini kama sufi. Wauzaji watakuapia kuwa yao imetoka Qichun, mkoani Hubei, alikozaliwa Li Shizhen, tabibu maarufu wa karne ya 16. Wewe usinunue jina. Chomoa kidogo, sugua kati ya vidole. Ikiwa ya kijani na ina vikonyo vinavyokwaruza, iache. Nzuri ina rangi ya dhahabu iliyopauka na inashikamana ukiifinyanga. Mengzi, mwanafalsafa wa miaka 2,300 hivi iliyopita, alikwishapiga mfano wa mtu mwenye ugonjwa wa miaka 7 anayehangaika kutafuta ai iliyokaa miaka 3. Majani mapya yana mafuta mengi, kwa hiyo moto wake ni mkali na wa ghafla. Yaliyokaa huwaka taratibu na joto lake ni pole.

Na harufu! Inafanana mno na bangi. Mlinzi wa bweni letu alipanda ngazi mbio usiku wa kwanza niliofanya mazoezi chumbani, na Kichina changu wakati huo kiliishia kwenye kuomba maji ya moto. Mweleze wako mapema, tena fungua dirisha hata kama ni Januari.

Kijiti cha kawaida, yaani nyuzi hizo zilizoviringishwa kwa karatasi, kina urefu wa sentimita 20 na unene unaokaribia sentimita 2. Kishike kama kalamu, kidole cha mwisho ukiegemeze mwilini mwa mgonjwa ili mkono usitetemeke, ncha iwe juu ya ngozi kwa sentimita 2 hadi 3. Anza na nukta iitwayo Zusanli, tena mguuni mwako mwenyewe. Kunja goti, tafuta kishimo cha upande wa nje chini ya pia ya goti, shuka vidole vinne, kisha sogea nje ya mfupa wa muundi kwa upana wa kidole kimoja. Ukimfanyia mgonjwa, hesabu kwa vidole vyake, si vyako. Mtu mrefu na mfupi hawana kipimo kimoja. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, ngozi iwe nyekundu sawasawa na mgonjwa asikie raha. Jivu likianza kuning'inia, likung'ute kwenye kisahani. Usilingoje lidondoke.

Sasa huyo mgonjwa wangu. Alikuwa mzee mwenye kisukari cha miaka mingi, mcheshi, miguu baridi kama samaki wa barafu. Kila nikimuuliza kama moto umezidi ananijibu, "Bado, ongeza." Nikasogeza kijiti, nikasogeza tena. Nilipokuja kuangalia vizuri, lengelenge lilikuwa limeshainuka, kubwa kama punje ya mahindi. Mzee hakuwa jasiri. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi. Mwalimu hakunifokea. Aliuliza tu: "Vidole vyako vilikuwa wapi?"

Kwa mtoto, kwa mwenye kisukari, kwa aliyepooza, vidole viwili vya mkono wako wa pili vinakaa huku na huku ya pale unapochoma, navyo ndivyo vinavyosikia moto kwa niaba yake. Vikiungua, inua. Tangu siku ile nafanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa kijana mzima anayecheka.

Mwenye homa kali usimchome. Usoni usichome. Mjamzito usimguse tumbo wala kiuno. Utasikia sana habari ya nukta ya Zhiyin, pale pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mguu, inayochomwa ili kumgeuza mtoto aliyekaa kitako tumboni. Ni kweli, utafiti uliofanyika mkoani Jiangxi na kuchapishwa mwaka 1998 ulihusisha wajawazito 260 na matokeo yake yalikuwa ya kutia moyo, ila tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Usichome hapo kabla daktari wa uzazi hajamwona mama. Vichuguu vidogo vya moksa vinavyochomwa juu ya ngozi yenyewe navyo viache mpaka mwalimu asimame kando yako.

Mwisho ni kuzima, jambo ambalo hakuna anayelifundisha kwa makini. Kijiti huungua kwa ndani. Ukikimwagia maji umekiharibu, ukikikanyaga umejidanganya. Kitumbukize kichwa chini kwenye kopo la mchanga au chupa ya mdomo mwembamba, kikose hewa. Changu kimoja nilikipuliza, nikakiona cheusi, nikakitupa kwenye ndoo ya takataka yenye pamba za kufutia. Saa moja baadaye muuguzi aliniita akiwa ameishika ile ndoo mbali na mwili wake, ukutani pembeni yake pana alama nyeusi ya moshi. Wiki mbili nzima nilikuwa mfagiaji wa chumba kile.