Gaweni uwanja mara mbili

Mhariri, toleo lililopita mlituuliza: kikundi cha historia cha mtaani kikiishiwa fedha, je, ni sawa kiandae onyesho la vipaji ili kuchangisha, au huko ni kuishushia historia hadhi yake? Kwangu mimi ni sawa kabisa, mradi liwe shindano la kweli. Onyesho la watu kukaa kwenye viti na kupiga makofi kwa adabu halitalipa hata nauli ya mpiga ngoma.

Huku Usukumani mtu hatoi pesa kwa kuonea kitu huruma. Mpelekee kadi ya mchango wa paa la chumba cha kumbukumbu, ataipokea kwa mikono miwili, atakushukuru, halafu ataiweka juu ya kabati pamoja na kadi za harusi tatu zinazomsubiri. Lakini mwambie Jumamosi Kisesa inapimana na Igoma, na kwamba upande wake unaelekea kulemewa. Atapanda daladala na shemeji zake wote.

Kwa wasomaji wasio wa huku: ngoma za Kisukuma zina kambi mbili kuu, Bagika na Bagalu. Chanzo chake kinaelezwa kuwa ni upinzani wa mafundi wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Tangu hapo kikundi cha ngoma, kiwe cha bugobogobo na majembe yake, kiwe cha wacheza na nyoka, hujihesabu upande mmojawapo. Na wakishindana hawapokezani jukwaa. Wanaanza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila upande na ngoma zake, na watazamaji wanakwenda wanakovutwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna jaji mwenye karatasi wala alama za kumi kwa kumi. Ndiyo maana manju, ambaye huku tunamwita ningi, hathubutu kurudi na nyimbo za mwaka jana. Itabidi atunge juu ya bei ya pamba ya msimu huu na kiongozi aliyekula michango ya kisima. Na ndiyo maana chatu yupo. Mtu akifungua kapu akamtoa chatu, nusu ya uwanja inahama kabla mwenzake upande wa pili hajamaliza ubeti.

Padre David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, aliielewa nguvu hiyo mapema. Pale Bujora, Kisesa, aliingiza ngoma katika shamrashamra za sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na Bulabo, kama sikukuu hiyo inavyoitwa huku, ya mwezi Juni imekuwa ndiyo siku ya pande mbili kupimana, jirani kabisa na makumbusho yanayohifadhi ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma. Anayeona kuwa kelele za uwanjani zinaivunjia historia heshima apande gari la Kisesa akajionee.

Basi kikundi cha historia kifuate njia hiyo hiyo. Uwanja ugawanywe katikati, kila upande upewe mtaa au kata yake, na kila upande uwe na kapu lake. Noti anayotuzwa mchezaji iingie kapuni, na hesabu isomwe hadharani kila baada ya muda, kwa sauti, mpaka upande ulioachwa nyuma uone aibu. Hapo ndipo mfanyabiashara wa dagaa ambaye hajawahi kuingia makumbusho yoyote atakapotoa elfu kumi kwa hasira, na baada ya dakika tano atoe nyingine. Asiye na pesa taslimu awekewe lipa namba, ya kila upande peke yake, vinginevyo mtagombana usiku kucha.

Sasa, vipaji gani? Hapa ndipo ninapokuwa mkali. Mwimbaji wa bongofleva ana majukwaa yake. Kwenye uwanja wa historia washindane watu wa vitendawili, wa majigambo, wa kutaja ukoo wao mpaka babu wa mbali kabisa. Mzee ambaye baba yake alikuwa mpimaji wa pamba asimulie jinsi wakulima wa Kanda ya Ziwa walivyochoka kupunjwa kwenye mizani, wakaweka wapimaji wao wenyewe, mpaka vyama vyao vya ushirika vikaungana katika Shirikisho la Victoria la kina Paul Bomani mwaka 1955. Upande wa pili ujibu na watoto wa shule wakiigiza kijiji cha Kageye mwaka 1875, mvumbuzi Mzungu Stanley alipofika ziwani na mashua yake, Lady Alice, ikiwa imebebwa vipande vipande. Ila waigize wapagazi walioibeba na wanakijiji waliowapokea. Stanley mwenyewe amekwisha kujieleza vya kutosha.

Na mbele ya yote hayo pawepo kijana mmoja na kinasa sauti. Wengi wanafikiri onyesho ni la kutafuta pesa ili baadaye kazi ya historia ifanyike, wakati kazi yenyewe inafanyika pale pale. Mzee ambaye mmemfuata nyumbani na daftari akawaambia amesahau, mkimsimamisha mbele ya wapinzani wake atakumbuka hadi jina la mbwa wa mtemi. Akikosea, kuna mzee mwenzake upande wa pili atakayemrekebisha kwa furaha kubwa. Hata kapu likitoka na senti kidogo, mna saa nyingi za sauti ambazo hamkuwa nazo asubuhi.

Nilihudhuria harambee moja hapa jijini iliyofanywa kwa mtindo mwingine: ukumbi wa kukodi, zulia jekundu, msanii kutoka Dar aliyeimba nyimbo mbili kwa pleibeki. Ilipokatwa ndege, hoteli, spika na mshereheshaji, waandaaji walibaki na deni la maji ya chupa. Sina la kuongeza.

Najua pingamizi litakalokuja, kwamba mashindano ya namna hii yana historia ya dawa na ugomvi. Ni kweli, sifa ya baningi (ndio ningi wengi) wakubwa ilikwenda sambamba na dawa za kuvuta watu. Hilo lisiwatishe, kwa maana mtu aliyevutwa kwa dawa naye anatoa noti. Ugomvi ni suala jingine, na mara nyingi huanzia kwenye pombe. Uwanjani uzeni soda, mihogo na sato wa kukaanga; gongo libaki huko huko linakojificha. Kibali cha afisa utamaduni na cha polisi ombeni mapema, na mwenyekiti wa mtaa msimwache nje ya kamati, atawanunia.

Tarehe nayo ni muhimu kuliko bango. Msiweke masika, wala siku ya gulio. Julai inafaa: mavuno yamo ndani, wakulima wengi wa pamba wameshika senti, na Simba na Yanga kwa kawaida wako mapumzikoni.

Msomaji wenu, Kisesa