Kibarua kaanguka, makandarasi wanatupiana mzigo

*Shikamoo wakili. Mimi ni fundi wa plasta, nafanya kazi chini ya mkandarasi mkuu. Kijana wangu kaanguka kutoka ghorofa ya pili, kavunjika nyonga. Mkandarasi ananionyesha kifungu nilichosaini: "Mkandarasi mdogo atabeba hasara zote zitokanazo na kazi yake." Lakini jukwaa walifunga watu wake! (Mwanjelwa, Mbeya)*

Marahaba, pole na kijana. Picha ulizotuma nimezitazama sana. Mirunda miwili imeungwa kwa kamba ya katani iliyolowa, na ubao wa kukanyagia haujapigwa hata msumari mmoja. Kwa umande wa Juni hapa Mbeya, ubao huo ulikuwa unasubiri mtu tu.

Sasa sheria. Ahadi ya kubeba hasara ya mwenzako ni halali chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345. Mkandarasi akishtakiwa na kulipishwa kwa jambo linaloangukia kwenye ahadi yako, anaweza kukudai alicholipa pamoja na gharama za kesi. Hapo usijidanganye.

Swali ni kama ahadi hiyo inafika hadi kwenye uzembe wa mkandarasi mwenyewe. Mwaka 1952 Baraza la Mfalme kule London, lililosikiliza rufaa kutoka nchi za himaya ya Uingereza, liliamua kesi iliyotoka Kanada. Wafanyakazi wa serikali walikuwa wanatengeneza mlango wa ghala bandarini Montreal kwa moto wa gesi, cheche zikarukia marobota ya pamba, ghala likateketea. Serikali ikataka kampuni iliyokodi ghala ibebe hasara, maana mkataba ulisema hivyo. Ikashindwa: kifungu hakikutaja uzembe wa serikali yenyewe, na maneno yake yaliweza kuhusu mambo mengine. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, ila ni hoja ya kwenda nayo. "Hasara zote" ni maneno mapana, lakini hayasemi "hata nikizembea mimi". Mwandikie mkandarasi barua leo, eleza nani alifunga jukwaa, ambatanisha picha. Na usisaini karatasi nyingine yoyote ya "tumeelewana".

*Kamwene wakili. Mimi ndiye mkandarasi mkuu, na fundi wangu wa paa amesaini kubeba kila kitu. Aliyeumia anaweza kunishtaki mimi? (Ipogolo, Iringa)*

Kamwene. Anaweza. Karatasi ile ni yenu wawili, yeye hakuisaini. Ukilipishwa ndipo unamgeukia fundi wako. Wajibu wako chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nao hauhami kwa saini ya mtu mwingine, kwa hiyo mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, akija usimwonyeshe mkataba. Mwonyeshe kofia ngumu.

*Bosi anatukata hela kila wiki, anasema ni mchango wa WCF. Ni sawa? (Mafinga)*

Si sawa. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unatoka mfukoni mwa mwajiri, asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, wala haukatwi kwa kibarua. Mtu akiumia, mwambieni mwajiri mara moja. Naye ana siku 7 za kupeleka taarifa kwenye Mfuko. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, isizidi miezi 24.

*Nimemsainisha fundi umeme kifungu cha kubeba hasara, kimenyooka kabisa, kimeandikwa na wakili wa Dar. Nilale usingizi? (Makambako)*

Fundi wako ana nini? Kama mali yake ni pikipiki na sanduku la vifaa, siku ya kumdai utapata pikipiki na sanduku la vifaa. Weka sharti la bima kwenye mkataba, na andika wazi kwamba unaweza kukata kwenye fedha ulizomzuilia hadi kazi ikamilike. Bila maneno hayo, kukata kwako kutazaa kesi nyingine. Kabla hujamkabidhi saiti, ishike hati ya bima mkononi na usome tarehe ya mwisho. Niliwahi kuletewa moja, ina muhuri na kila kitu, iliyoisha siku mbili kabla ya ajali.