Tunauliza "kapata wapi", hatuulizi "anafanyaje"

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama ni kweli sisi Watanzania hatuna moyo wa biashara. Nimelisoma asubuhi kabla ya kwenda kazini na limenikaa kifuani mchana kutwa. Kila mara likiulizwa, majibu yanakuwa yale yale: sisi wavivu, Ujamaa ulituharibu, Wakenya watatumaliza. Sikubali hata moja kati ya hayo, walau si kwa namna yanavyosemwa.

Moyo tunao. Aliyewahi kushuka Kariakoo alfajiri hawezi kuuliza swali hilo. Huku kwetu Kigoma, nenda Kibirizi mapema uwaone akina mama wanaosubiri mitumbwi irudi na dagaa. Wananunua wabichi, wanaanika, wanageuza, wanaomba mvua isinyeshe, wanafunga magunia, wanatafuta nafasi kwenye treni. Mtu anayeweka mtaji wake wote juu ya samaki wanaoweza kuoza jioni hiyo hiyo, huyo humwambii hana moyo.

Kwa hiyo naomba nijibu swali jingine lililo jirani na lenu. Mtu akifanikiwa, sisi wengine tunauliza nini?

Tunauliza kapata wapi. Kijana kajenga, kapata wapi? Dada kafungua duka la pili, nani yuko nyuma yake? Jibu likikosekana tunalitunga: ana ndagu, kaingia Freemason, katoa kafara. Mkinga akijenga ghorofa Kariakoo tunaambiwa ni dawa za Makete. Hatutaki kusikia habari za kijana aliyeletwa mjini na ndugu yake, akalala stoo, akauza dukani kwa mwenzake kwa miaka mpaka akapewa mzigo wa kuanzia. Na duka likifa, hatufungui daftari kuona mwenye duka alikuwa anakula mtaji. Tunasema ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za mwenzako, tunaweka ndimu kwenye droo ya fedha, basi.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito kwa sababu nililiona kwa macho yangu nikiwa mtoto, hapa Ujiji. Mtanivumilia nikilieleza kwa kirefu.

Ilikuwa mwaka 1983. Wa umri wangu wanaukumbuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma lakini nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda havikuwa na malighafi, na duka la ushirika lilikuwa na mashelfu matupu. Sukari kwa foleni, unga kwa foleni, na sabuni haikuwepo hata kwa hiyo foleni. Tulifulia majani ya mpapai. Shati langu la shule lilikuwa na rangi ya kijani kwenye kola ambayo haikutoka kamwe.

Mtaa wetu kulikuwa na bibi mmoja mjane. Watoto tulimwita Bibi Sabuni. Uani kwake alikuwa na debe kuukuu lililotobolewa matundu chini. Ndani yake alitandika nyasi kavu, juu ya nyasi akashindilia majivu. Si majivu ya kuni za kawaida, alikataa kabisa. Alichoma mikungu mikavu ya michikichi, ile inayobaki baada ya chikichi kupukutishwa, ambayo kila mtu aliitupa. Akamwagia maji kidogo kidogo, na chini yakadondoka maji ya rangi ya chai ya rangi. Ukiyagusa, vidole vinateleza kisha vinawasha.

Maji yale aliyachemsha mpaka yapungue, kisha akaita yai. Ndivyo alivyosema: "Leta yai." Nilikuwa mtoto mwenye maswali mengi, na nyumbani niliambiwa mara kwa mara niache kuulizauliza kama polisi. Kwake nilikaa. Nikamwuliza, "Bibi, yai la nini?" Akanipa mkononi. "Litie polepole, usidumbukize. Likizama, maji bado. Likielea na kuonyesha kichogo, yamekuwa makali, tunatia mawese." Nililitia. Lilizama. Akacheka, akaongeza kuni. Baadaye nililitia tena, likaelea, sehemu ndogo ya ganda ikatokeza juu ya maji.

Kisha mawese. Aliyamimina kwa uangalifu sana huku akikoroga na mwiko mrefu, moto mdogo. Wekundu ule wa mawese ukafa taratibu, ukawa kahawia, uji ukawa mzito. Alichukua tone akalibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akavitanua kuona kama linavutika. Alikoroga mpaka adhuhuri. Alichopata kilikuwa laini, cheusi karibu, hakikukatika vipande. Alikichota kwa kijiko, akakifunga kwenye jani la mgomba, akauza. Kilitoa povu na kilitakatisha.

Leo ninafundisha kemia sekondari. Ninaandika ubaoni habari za mafuta kukutana na alikali, wanafunzi wananakili, wanafaulu mtihani. Mafunzo yangu yote ya kemia yaliyofuata yalikuwa maelezo ya yale niliyoyaona katika ua ule. Aligundua mwenyewe, au alifundishwa na mama yake, sijui, kwamba majivu ya mikungu yana nguvu kuliko ya kuni. Ninajua leo kwamba ni kwa sababu ya potasiamu, na ndiyo iliyoifanya sabuni yake iwe laini badala ya mche mgumu. Angekuwa na magadi makali ya kopo, yaani kostiki soda, angetoa miche.

Sasa, mtaani wakasema nini? Wakanunua, hilo kwanza. Kila nyumba ilinunua. Lakini alipoezeka bati jipya upande mmoja wa nyumba, maneno yakaanza. Mjane, hana mtoto serikalini, bati kapata wapi? Mawese yote yale kapata wapi, wakati wengine tunaungia maji na chumvi? Wapo waliosema ana jini linalomletea. Wapo waliosema ni mlanguzi. Hao wa pili walikuwa na nguvu zaidi, kwa sababu mwaka ule ndio kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi ilianza, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, na nchi nzima ilikuwa inasaka vitu vilivyofichwa chini ya vitanda.

Walikuja mchana. Mgambo, na watu wengine wawili ambao sikuwafahamu. Walikuta pipa la mawese nyuma ya nyumba, limefunikwa gunia. Wakamwuliza swali lile lile: umepata wapi? Bibi akaanza kuwaeleza kazi yake. Namkumbuka akionyesha debe, akionyesha majivu, akieleza habari za yai. Hawakutazama debe. Walikuwa wanatazama pipa. Mmoja akamwambia, "Mama, hatujauliza unatengenezaje." Wakaondoka naye, wakaondoka na pipa, na sufuria zake kubwa mbili.

Alirudi baada ya siku kadhaa, hakushtakiwa. Pipa halikurudi, sufuria hazikurudi. Hakuchemsha tena mpaka anafariki. Mtaa mzima ukarudi kwenye majani ya mpapai.

Na jambo linaloniuma mpaka leo ni kwamba katika watu wote walionunua sabuni ile, pamoja na waliomsema, hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba amfundishe. Siku hizi ninawaona vijana wanalipa viingilio vya semina za ujasiriamali wakafundishwe kutengeneza sabuni. Mkufunzi anatoka mbali, na baadhi ya vijana hao wamezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa yule bibi. Tangu mwaka 2018 serikali inahimiza michikichi mkoani kwetu, tuna kituo cha utafiti Kihinga, ni jambo jema sana. Ujuzi wa kuitumia ile mikungu mikavu tulikuwa nao uani, tukauacha uende kaburini.

Basi msimamo wangu ndio huo: kinachotukwamisha ni udadisi uliopinda. Tuna udadisi mwingi kuhusu mfuko wa mtu na mdogo mno kuhusu mikono yake.

Historia nayo ilikuwa upande wangu, nilidhani. Mwezi Juni 1984, miezi miwili baada ya Sokoine kufariki, bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya iliruhusu mtu kuagiza bidhaa kutoka nje kwa fedha zake mwenyewe, na serikali haikumwuliza fedha hizo za kigeni amezipata wapi. Swali lile lile! Serikali iliacha kuliuliza, na bidhaa zikarudi madukani. Mwaka uliofuata akaingia Ikulu Mzee Mwinyi, na neno lililobaki midomoni mwa watu likawa ruksa. Wanaosema nchi ilipumua wanasema kweli. Sabuni ya mche tuliiona tena.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kumalizia hapo, nikisema swali la "kapata wapi" tulizike. Lakini nimemkumbuka baba yangu, na mkono umesita.

Baba alikuwa mwalimu, na Azimio la Arusha hakulichukulia kama kaulimbiu. Miiko ile aliijua kwa kichwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Kwa baba, "kapata wapi" lilikuwa swali pekee ambalo mtu mdogo angeweza kumwuliza mkubwa bila kutetemeka. Miiko hiyo ililegezwa kwa Azimio la Zanzibar mwaka 1991, na alihuzunika kwa dhati. Nilimwona amepitwa na wakati. Kisha mwaka 2008 tukajua wote kwamba katika mwaka wa fedha 2005/06 zaidi ya shilingi bilioni 133 zilichotwa kwenye akaunti ya madeni ya nje, ile EPA, ndani ya Benki Kuu yenyewe. Pale ndipo watu walipotakiwa kuuliza mapema na kwa sauti kubwa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, na sheria hiyo si kitu kingine ila swali la baba yangu lililoandikwa kwa lugha ya mawakili.

Wala jirani anayeuliza si lazima awe na kijicho. Walanguzi walikuwepo kweli. Mwaka ule ule wa 1983 kulikuwa na watu wenye sukari ya kulisha wilaya huku watoto wakinywa uji wa chumvi. Aliyesimama kwenye foleni tangu usiku akarudi mikono mitupu, kisha akaona bati jipya kwa jirani, alikuwa na haki ya kujiuliza.

Kwa hiyo hukumu yangu imekuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Moyo wa biashara tunao. Swali la "kapata wapi" libaki, na lielekezwe kwanza kwa aliyeshika dhamana ya umma, kwa mwenye zabuni, kwa mwenye ofisi. Kwa muuza sabuni lije la pili, baada ya kumwuliza anafanyaje, na anayeuliza awe tayari kukaa uani kulisikiliza jibu. Najua mpaka kati ya hao wawili si rahisi kuuchora, kwa maana mwenye ofisi ana shemeji, na shemeji ana duka.

Na kwa kuwa nataka kuwa mkweli, niseme na hili. Yule bibi hakuwahi kutuambia pipa lilitoka wapi. Huenda ni mawese ya vijijini kwetu. Huenda pia yalivuka ziwa usiku kutoka Kongo bila kibali, kama vitu vingi vilivyovuka miaka ile. Kama ni hivyo, alistahili kutozwa ushuru wake. Lakini alistahili pia kurudishiwa sufuria zake, na katika wale waliokuja, mmoja alipaswa kubaki nyuma amwulize habari za yai.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma