Umepewa kazi ya kuandaa Tu Bishvat? Anzia hapa mtandaoni

Kama unalea wazee kwenye nyumba ya Wayahudi, na huku Marekani tuko wengi, ipo siku utaambiwa uandae meza ya Tu Bishvat. Ni sikukuu ya miti, tarehe 15 ya mwezi wa Shevat, na kwa kalenda yetu huangukia Januari au Februari. Ukiitafuta mtandaoni utamwagiwa kila kitu: picha za kupaka rangi, mapishi, video, nyimbo. Vingi ni vya chekechea. Mzee wa miaka 90 aliyekulia kwenye Talmud, vitabu vikuu vya mafundisho ya marabi, hana haja ya kupaka rangi komamanga.

Mimi huanza na Hebcal. Ni kalenda tu, haina mbwembwe, ila ndiyo ya kwanza kufungua, kwa sababu siku ya Kiyahudi huanza jua linapozama. Mwaka 2027, kwa mfano, Tu Bishvat ni Jumamosi, Januari 23, kwa hiyo inaingia Ijumaa jioni pamoja na Sabato. Kwa wanaoshika sheria kikamilifu, hapo hakuna kuwasha kompyuta, hakuna kuchapisha, hakuna kupiga wimbo kwenye simu. Chochote unachokitaka kutoka mtandaoni kiwe kimeshakuwa karatasi kabla ya magharibi.

Ukishajua tarehe, nenda Sefaria, maktaba ya bure yenye maandiko ya Kiebrania na tafsiri ya Kiingereza kando yake. Fungua Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, sehemu ya Rosh Hashanah 1:1. Ni mistari michache: kuna miaka mipya minne, na kuhusu ule wa miti, shule ya Shamai inasema ni tarehe 1 Shevat, ya Hileli, mwalimu mwenzake wa kale, inasema 15. Hileli ndiye aliyefuatwa. Kisha soma Kumbukumbu la Torati 8:8, penye mazao saba ya nchi: ngano, shayiri, zabibu, tini, komamanga, zeituni na asali, ambayo marabi huielewa kuwa ya tende. Ukiyajua hayo mawili, wazee wenyewe watakumalizia habari, tena kwa kubishana.

Kijitabu cha kufuata mezani ni Hagada. Haggadot.com inakuruhusu kuokota vipande na kujiundia chako, na Open Siddur wanaweka matini zilizo huru kuchapishwa. Asili ya utaratibu wenyewe ni Wakabala, Wayahudi wa elimu ya mafumbo, na kitabu chake cha zamani, Pri Etz Hadar, kilichapwa Venice mwaka 1728. Ni kirefu, usithubutu kukisoma chote mezani. Bakiza mifupa yake: vikombe vinne vya divai, kuanzia nyeupe tupu, kisha kuongezewa nyekundu hadi cha mwisho kiwe chekundu kabisa, na matunda ya makundi matatu. Chapisha kwa herufi kubwa.

Hagada nyingi za mtandaoni leo zimejaa habari za mazingira na tabianchi. Sina ugomvi nazo, lakini familia ya Kiorthodoksi (wanaoshika sheria kikamilifu) huenda ikapendelea maelezo ya Chabad.org, tovuti ya Waorthodoksi wenzao, hivyo waulize kabla hujapoteza wino.

Sasa matunda, maana hapa ndipo sisi wa pwani na bara tunapokimbilia ndizi. Kwa sheria ya Kiyahudi mgomba si mti, kwa kuwa shina lake halidumu, na ndizi husomewa baraka ya tunda la ardhi. Nanasi vilevile. Embe ni la mti bila ubishi na linakaa kundi la pili, la matunda yenye kokwa, pamoja na tende na zeituni. Kundi la kwanza ni la yenye ganda la nje lisiloliwa: lozi, komamanga, chungwa. La tatu ni yanayoliwa yote, kama tini na zabibu. Tini kavu zipasue moja moja chini ya taa, maana wadudu hujificha ndani na mdudu haliwi.

Kwa wasioweza kutafuna, lozi ziwe zimesagwa na tende zimetolewa kokwa. Divai inaweza kuwa juisi ya zabibu, nyeupe na nyekundu. Nani anywe ipi, muulize muuguzi wa zamu, si Google.