Krapi na fimbo ndefu: futi ngapi, na uzito uko wapi?

Krapi ni samaki wa maji baridi wa Amerika Kaskazini, bapa kama sato ingawa si ndugu yake. Kwa herufi ni krapi, ila wavuvi wengi wa Marekani utawasikia wakisema "kropi". Kinachohusu fimbo ya kuvulia ni mdomo wake: ngozi ya pembeni ni nyembamba kiasi kwamba ukivuta kwa pupa inachanika, na samaki anakwenda zake. Jambo la pili ni tabia yake. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, husogea kwenye kina kifupi kutaga na kujibanza kando ya visiki na matawi yaliyozama. Humtupii ndoana kutoka mbali ikanase kila tawi njiani. Unamshushia jigi wima, juu ya kichwa chake, boti ikiwa imebaki nyuma. (Jigi ni ndoana iliyoyeyushiwa kichwa cha risasi, ikavishwa mkia wa mpira laini au manyoya.)

Kwa hiyo urefu wa fimbo ni umbali kati yako na samaki asiyetaka kukuona. Chukua Ziwa Reelfoot, Tennessee, lililotokana na matetemeko ya ardhi ya 1811 na 1812: kina kifupi, visiki tele. Mahali kama hapo fimbo ya futi 10 au 11 (mita 3 hadi 3.4) inatosha kabisa, hasa maji yakiwa na tope. Maji yakiwa maangavu, panda hadi 12. Fimbo za futi 14 na 16 kazi yake ya asili ni kukaa kwenye vishikio mbele ya boti, kadhaa kwa pamoja, zimetandazwa kama miguu ya buibui. Tangu sona ya LiveScope ya kampuni ya Garmin (kifaa kinachoonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti) iingie sokoni mwaka 2018, wengi wanashika fimbo ya futi 13 au 14 mkononi, kwa kuwa sasa wanamwona samaki kwenye kioo cha kifaa hicho kabla hawajamfikia. Kama hii ni fimbo yako ya kwanza, usianzie huko. Nunua ya futi 10 au 11.

Wengi hukosea kwenye uzito, kwa sababu husoma gramu kwenye lebo. Mkono hauchoshwi na gramu zote kwa usawa. Unachoshwa na zile zilizo mbali. Gramu 10 tu kwenye ncha, mita 3.4 mbele ya kiganja, zinadai gramu 170 sentimita 20 nyuma yake ili fimbo itulie. Ndiyo maana kufunga chubwi kwenye kitako ni tiba ya nusu: mizani inapatikana, lakini sasa umebeba mzigo mwingine, na ncha ni nzito vilevile. Tafuta fimbo ambayo ncha yake yenyewe ni nyepesi, yenye pete ndogo (zile zinazopitisha mshipi). Kaboni inashinda faiba ya kioo hapa, kwa uzito na kwa kukupa habari ya kinachotokea chini.

Dukani, nenda na rili yako (kifaa cha kuzungushia mshipi). Ifunge, ishike fimbo kama utakavyoishika kwenye boti, kiwiko kikiwa ubavuni, ukae nayo dakika tano nzima. Mkono ukianza kuuma dukani, saa mbili ziwani hutazimaliza. Kisha ning'iniza jigi ya wakia 1/16 (kama gramu 1.8) na uitikise ncha mara moja: itulie upesi. Ikiendelea kucheza, jigi nayo itacheza huko chini bila ruhusa yako.

Ugumu wa fimbo uwe wa kati kuelekea wepesi, na mkunjo uishie theluthi ya juu. Laini mno, samaki atazunguka tawi kabla hujamwinua. Ngumu mno, mdomo unachanika. Krapi huangalia juu, basi jigi ikae karibu sentimita 30 juu yake. Mara nyingi hudaka akipanda, na hapo husikii mvuto wowote: mshipi unalegea, ncha iliyokuwa imeinama kidogo inanyooka. Ukiona hivyo, inua fimbo taratibu. Usishtue.

Rili iwe ndogo. Kazi yake ni kuhifadhi mshipi tu. Nailoni ya ratili 6 (uzito inaohimili kabla ya kukatika) inafaa mahali pasipo na vizuizi, ratili 8 au 10 kwenye visiki, pamoja na ndoana ya waya mwembamba: ikinasa, ndoana inanyooka kabla mshipi haujakatika, na jigi unarudi nayo. Mwanzoni achia mshipi unaokaribia urefu wa fimbo, ili ukiinua, samaki aje mkononi mwako. Kwa futi 14 andaa wavu wenye mpini mrefu.

Kagua kiungo pia. Fimbo ya futi 12 yenye vipande viwili sawa inaingia kwenye gari kwa mita 1.8, lakini unganisha vipande, zungusha kidogo, tikisa. Ukisikia mgongano, iache. Pitisha pamba ndani ya kila pete: ikishika nyuzi, pete hiyo itaukata mshipi.

Fimbo nyingi ndefu hazivunjwi na samaki. Huvunjika mtu anapoisimamisha na kuivuta nyuma ya bega, mzigo wote ukabaki kwenye ncha. Jigi ikikwama, elekeza fimbo moja kwa moja kilipo kisiki na uvute kwa mshipi. Na kwa kuwa kaboni hupitisha umeme, ukisikia radi ilaze chini na uondoke majini. Ukifika ufukoni, angalia nyaya za juu kabla hujaisimamisha.