Re: Ukubwa wa kiini cha seli na uvimbe wa thairoidi
Pole kwa hofu ya mama, dada. Umeuliza kwa nini wasipime tu ukubwa wa viini vya seli zilizonyonywa kwa sindano kwenye uvimbe wake wa thairoidi (tezi ya shingoni) wajue kama ni saratani. Kwa saratani ya papilari, aina mojawapo ya saratani ya thairoidi, kiini husema mengi: ni kikubwa, kimepauka, kina mfereji kama punje ya kahawa. Lakini majibu ya mama yanataja uvimbe wa folikula (vifuko vidogo vinavyounda tezi hiyo), na hapo ukubwa wa viini vya uvimbe salama na vya saratani huingiliana mno. Hata ule salama huweza kuwa na viini vikubwa vya kutisha. Kinachoamua ni kama seli zimetoboa ganda la uvimbe au kuingia mishipa ya damu. Sindano hunyonya seli tu, ganda halionekani. Ndiyo maana daktari anataka kutoa upande mmoja wa tezi, upimwe wote.